Somo la Kuachia

Kioo cha zahanati kilisema salama, na Dk. Mwavita Kilozo hakukiamini hata kidogo.

Mgonjwa aliyekuwa mbele yake alikuwa amekalia upande mmoja, mkono kiunoni, mguu wa kushoto umevimba kiasi cha kumlazimisha kuja na kandambili. Aliitwa Sikitu, mwalimu wa hesabu hapo hapo Ujiji, mzazi wa mara ya kwanza, na arobaini yake ilikuwa imetoka wiki iliyopita. Kwenye kioo, pembeni ya jina lake, palikuwa na doa la kijani, na chini ya doa yale maneno ambayo kila chekeche la mshipani huandika likiulizwa hali: Nimeshika vizuri.

"Umeshika nini?" Mwavita alikiuliza kioo. "Wewe ulitakiwa uwe umeshayeyuka."

Leonidas Ntahondi, fundi wa vipimo, alicheka kidogo puani. Alishazoea kumsikia daktari huyu akigombana na mashine, na mara nyingi mashine ndiyo iliyoshindwa.

"Maumivu yakoje, mwalimu?"

"Mwanzo nilidhani ni kwa ajili ya kuinama kunyonyesha," Sikitu alisema. "Sasa yanapiga. Nimeshika mkono nikahesabu mapigo, nikasikiliza na mgongo. Vinakwenda sawa, daktari."

Jibu hilo Mwavita hakulipenda. Alimlaza kitandani, Leonidas akampaka jeli ya baridi na kupitisha kipimo cha mawimbi juu ya kitovu, na picha ikatokea ukutani, kubwa kama mlango.

Chekeche zuri hukaa katikati ya mshipa mpana unaorudisha damu moyoni, limekunjuka mfano wa mwavuli mdogo, ncha za vijiti vyake zikigusa kuta za mshipa na kuishia hapo. Bonge la damu likipanda kutoka miguuni kwenda kuziba mapafu linanasa kwenye mwavuli huo, na chekeche, kwa kuwa ni kitu hai kilichooteshwa kwa hariri na chembe za mama mwenyewe, linalila taratibu mpaka liishe. Mama akitimiza arobaini na hatari ikapita, chekeche linajila lenyewe. Kizazi kizima cha wanawake ambao zamani wangeanguka ghafla wakiwa na watoto mikononi kilikuwa hai kwa sababu hiyo, na Mwavita alijivunia kazi hiyo waziwazi, bila haya.

La Sikitu lilikuwa limeota mizizi. Vijiti vyake vilikuwa vimenenepa na kutoboa ukuta wa mshipa. Kimoja kilikuwa kimefika kwenye mfupa wa mgongo na kujikunja hapo. Kingine kilikuwa kimelala juu ya mshipa wa jirani, ule mnene unaotoa damu moyoni, na kila moyo ulipopiga, mshipa ulikisukuma kijiti, na kijiti nacho kikausukuma mshipa.

"Mama yangu," Leonidas alisema.

"Taratibu, unamtisha mgonjwa."

"Ameshanitisha," Sikitu alisema. "Ni nini?"

"Nitakwambia sasa hivi, na sitakuficha kitu." Mwavita alikuwa ameacha kutazama ukuta, anatazama ngozi. Kuanzia chini ya mbavu hadi nyongani ilikuwa na alama pana zilizolala, za nguo iliyokazwa muda mrefu. "Nani alikufunga tumbo?"

"Nimemfunga mimi."

Aliyejibu alikuwa Bi Mwayuma, mama mzazi wa Sikitu, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la ukutani amempakata mjukuu. Alijibu kama mtu aliyesubiri kuulizwa.

"Kanga tatu, mkazo wa sawasawa. Mpaka jana jioni sijamwachia. Na maji ya moto asubuhi na jioni, na uji wa pilipili manga. Hebu liangalie tumbo lilivyorudi, daktari. Utadhani hajazaa."

Tumbo kweli lilikuwa limerudi. Mwavita angefurahi lake kurudi nusu ya hapo.

Hapo ndipo alipoelewa. Machekeche ya mwanzo kabisa, ya chuma, yalikuwa na tabia mbaya ya kuhama: yaliteleza na kupanda mpaka moyoni. Kwa hiyo haya ya sasa, yaliyo hai, yalifunzwa jambo moja kabla ya mengine yote: ukisukumwa, shika. Mama akikohoa, shika. Akicheka, akipiga chafya, akibeba ndoo, akipanda pikipiki kwenye barabara mbovu, shika. Yote hayo walikaa wataalamu mezani wakayataja moja baada ya jingine, na Mwavita alikuwa mmoja wao. Meza ile ilikuwa na wanawake wanne waliozaa. Wote wanne walifungwa matumbo na mama zao au shangazi zao, na hakuna hata mmoja aliyetaja kanga.

Si kwamba walisahau. Kila mzazi wa nchi hii anajua kwamba kanga anaivua kabla ya kufika kliniki, asije akagombezwa na nesi, na akitoka anaivaa tena. Ya hospitali yanasemwa hospitali, ya nyumbani yanabaki nyumbani. Wataalamu wale walivua kanga zao vilevile walipokuwa wanaingia kwenye mkutano, ndani ya vichwa vyao, na chekeche likazaliwa halijui kwamba kuna siku litabanwa tangu asubuhi hadi asubuhi. Lilibanwa. Likashika. Likabanwa zaidi, likaota mizizi, na kila lilipoulizwa hali lilijibu kwa fahari kwamba limeshika vizuri.

*

"Somo la kuachia," Profesa Mbelwa alisema.

Alikuwa Dodoma, kwenye Taasisi ya Mishipa, na uso wake ulijaa kioo chote cha ofisi ya Mwavita. Ndiye aliyemfundisha kazi. Alikuwa mtu mpole, mwenye kuvaa sweta hata kwenye joto, na alipoona picha za Sikitu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Tunaliandika sasa hivi," aliendelea. "Tunaliingiza Darasani, na alasiri haijafika machekeche yote yameanza kulegeza. Mgonjwa wako atakuwa wa kwanza. Litajivuta lenyewe taratibu, litakunjika, utalitoa kwa waya kupitia shingoni."

Darasa ndilo lililoyafanya machekeche yawe na akili. Hakuna chekeche lililokaa peke yake. Lilichojifunza moja mwilini mwa mama wa Newala, la mama wa Bukoba lilikijua kabla jua halijazama. Ndivyo yalivyojifunza kula bonge bila kulivunja vipande. Na ndivyo, Mwavita aliwaza sasa, yalivyofundishana kuota mizizi.

"Wako wangapi waliofungwa?" aliuliza.

"Nchi hii? Niulize wangapi hawakufungwa."

"Na chekeche lililoshika bonge, likilegezwa, linakwenda wapi?"

Profesa alivaa miwani. "Unajua linakokwenda."

"Nataka ulitamke."

"Linapanda moyoni. Halafu mapafuni."

"Na bonge lake."

"Na bonge lake. Lakini hao watakuwa wachache, Mwavita. Wachache sana kuliko watakaotobolewa tukikaa kimya."

"Unawajua ni nani?"

"Siwajui. Yote yanaandika yameshika vizuri. Yenye bonge, yasiyo na bonge, yenye mizizi, yote yanaimba wimbo mmoja. Ndiyo maana hatuwezi kuwaita hospitali kwanza." Alisogea karibu na kioo. "Mwanangu, sikupendezewa na hesabu hii. Nimeipiga mara nyingi, jibu ni lile lile. Tia ufunguo."

Kwa sheria ya Darasa, somo jipya haliingii bila ufunguo wa daktari aliyeona tatizo kwa macho yake. Sheria hiyo iliwekwa ili watu wa Dodoma wasije wakafundisha machekeche ya watu wa Ujiji mambo waliyoyaota usingizini. Leo daktari aliyeona alikuwa mmoja. Kidole chake kilikuwa kimelala mezani, sentimita chache kutoka kwenye kibonyezo, na Mwavita alikitazama kama kidole cha mtu mwingine.

Akitia ufunguo, Sikitu anapona kwa njia laini kuliko zote, na wengine wengi pamoja naye. Na mahali fulani mwanamke ambaye yeye, Mwavita, alimwahidi kwamba kitu hiki kitamlinda, ataanguka jikoni kwake akiwa hajui hata kwamba kuna jambo lilijadiliwa. Hataanguka kwa bahati mbaya. Ataanguka kwa amri.

"Nipe muda nizungumze na mgonjwa," alisema.

"Mgonjwa wako hana muda. Umeuona huo mshipa."

"Nimeuona. Ndiyo maana nakwenda kuzungumza naye sasa hivi." Akazima kioo, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia Profesa Mbelwa maishani mwake.

*

Aliwaeleza wote watatu, Sikitu, mama yake, na Leonidas aliyesimama mlangoni. Aliwaeleza kama alivyoelezwa, bila kutia chumvi na bila kupunguza.

"Na njia ya pili?" Sikitu aliuliza. "Umesema kwanza kuna njia laini. Maana yake kuna ngumu."

Mwavita alikuwa ameifikiria koridoni, na kadiri alivyoifikiria ndivyo alivyozidi kuiamini. "Chekeche linafunzwa kwa njia mbili. Kwa Darasa, na kwa mwili. Hili lako limefunzwa kuota mizizi na mwili, kwa kanga. Linaweza kufunzwa kuachia kwa kanga hizo hizo."

"Jana nimefunguliwa, na bado limeshika."

"Umefunguliwa mara moja. Lenyewe limeona limeshinda, na mshindi haondoki uwanjani. Tunakufunga tena kama ulivyofungwa, halafu tunalegeza kidogo kidogo. Kila likisikia msukumo umepungua, linaona kazi imepungua, linarudisha mizizi. Ila lazima tulitoe Darasani kwanza, tukufunike chandarua cha shaba ili lisisikie wala lisisikike. Bila hivyo litakachojifunza litawafundisha wenzake wote, na tutakuwa tumerudi kwenye njia ya Profesa."

"Hatari yake?"

"Darasa lingelivuta unywele kwa unywele. Sisi tutalivuta kwa mikono. Kile kijiti kilicho juu ya mshipa mnene kikichomoka kwa pupa, mshipa unavuja, na hapa Ujiji hakuna wa kuuziba kabla damu haijaisha. Njia ya Profesa ni salama zaidi kwako, mwalimu. Sitakudanganya."

"Basi tia huo ufunguo," Bi Mwayuma alisema. "Mbona tunazungushana? Mwanangu si wa kujaribiwa. Hao wengine wana mama zao."

Sikitu alikuwa anatazama dari. Alikuwa na uso wa mtu anayekagua madaftari ya darasa zima na hana haraka.

"Huyo profesa wako hesabu yake iko sawa," alisema mwishowe. "Wachache ni wachache. Hapo siwezi kumkosoa. Lakini mimi nimeulizwa, daktari. Umekuja, umekaa, umeniuliza. Huyo mwenye bonge nani amemuuliza?"

"Hakuna."

"Yuko mahali ananyonyesha."

"Pengine."

"Basi nifunge."

"Sikitu," mama yake alisema.

"Nifungeni. Nikiongea sana nitaogopa, na sasa hivi sijaogopa vya kutosha kukataa."

Bi Mwayuma alimgeukia Mwavita, na ile fahari yote ya asubuhi ilikuwa imemtoka usoni. "Nijibu na mimi basi, maana umekuwa hodari wa kujibu. Ni mimi? Ni kanga zangu zilizofanya hivi?"

"Ni kanga, mama," Mwavita alisema.

Alilisema kavu, kwa kuwa alikuwa na haraka na kwa kuwa lilikuwa kweli. Bi Mwayuma hakulia. Alimpa Leonidas mtoto amshike, akakaa, akaweka mikono mapajani na kuitazama.

"Naitaka hiyo mikono," Mwavita alimwambia. "Nesi wangu anafunga bandeji vizuri sana, lakini mimi sitaki bandeji. Chekeche lile linaujua mkazo wako wewe. Likishikwa na mtu mwingine litadhani ni vita vipya."

"Baada ya hilo ulilonambia, bado unataka nimguse?"

"Nataka umguse wewe na si mwingine."

Mwanamke yule akafungua mkoba wake. Kanga zilikuwa humo, zimefuliwa na kukunjwa, kwa sababu alikuwa amekusudia kumfunga tena binti yake wakirudi nyumbani.

*

Chandarua cha shaba kiliteremshwa kuzunguka kitanda, na doa la kijani kwenye kioo likazimika. Kwa mara ya kwanza tangu lioteshwe, chekeche la Sikitu lilikuwa peke yake. Ndani ya chandarua walibaki watu wanne: Sikitu amelala chali, Leonidas na kipimo chake ubavuni, Mwavita kichwani, na Bi Mwayuma aliyepanda juu ya kitanda na kupiga magoti, maana alisema hakuna mtu anayefunga tumbo akiwa wima. Mtoto alikuwa na nesi chumba cha pili.

Alifunga kwa namna ambayo Mwavita aliikumbuka mwilini kabla ya kuikumbuka kichwani. Kitambaa kikapita chini ya mgongo, kikavuka, kikavutwa kwa uzito wa mwili wala si kwa nguvu ya mkono, kikarudi. Kwenye picha vijiti vilikakamaa vyote kwa pamoja.

"Limekujua," Leonidas alisema.

"Acha likae hivyo. Mama, sasa legeza, kiasi cha kupitisha ukucha."

Bi Mwayuma alilegeza. Walisubiri. Hakuna kilichotokea, na Mwavita aliacha kisitokee. Halafu kijiti kilichokuwa mfupani kikasinyaa nchani, kidogo mno, kama mtu anayesogeza kidole usingizini.

"Tena."

Walikwenda hivyo, kulegeza na kusubiri, jasho likimtiririka Bi Mwayuma mpaka kidevuni. Kijiti cha mfupani kilirudi ndani ya mshipa, na tobo lake likajifunga. Vya pembeni navyo vikarudi. Kilibaki kile kimoja, juu ya mshipa mnene, na hicho hakikuwa na haraka na mtu.

Walipokuwa katikati ya kulegeza, mtoto akalia chumba cha pili. Tumbo la Sikitu lilijikaza lenyewe, kama tumbo la mama yeyote, na kijiti kikadunga. Sikitu alitoa sauti fupi. Pembeni ya mshipa mnene, kwenye picha, palitokea kivuli chembamba.

"Damu," Leonidas alisema.

"Naiona. Mama, usilegeze. Kaza palepale ulipokuwa kabla hajalia."

"Nikikaza si litaingia zaidi?"

"Ukiachia sasa litachomoka. Kaza, ukae hapo. Sikitu, nitazame mimi. Nesi amempakata. Analia kwa sababu ana njaa, na wenye njaa wanalia. Hakuna jambo jingine huko."

Kumwambia mama asikilize kilio cha mwanawe na tumbo lilegee ni kumwomba jambo kubwa. Sikitu alifumba macho. Akaanza kutaja kwa sauti ya chini jedwali la kumi na saba, ambalo wanafunzi wake wote walilichukia, kumi na saba, thelathini na nne, hamsini na moja, na alipofika mia na thelathini na sita tumbo lilikuwa limelegea chini ya kanga. Kivuli hakikukua. Bi Mwayuma, bila kuambiwa, alilegeza unywele mmoja.

Kijiti kilitoka.

Hakikuchomoka. Kilitoka kwa hiari, kikajikunja, kikarudi kwa wenzake, na mwavuli wote ukafumba ndani ya mshipa. Mwavita alikwishatia ganzi shingoni mwa Sikitu. Alipitisha waya wake mwembamba wenye kitanzi, akashuka nao mpaka chini ya moyo, akakinasa kitu kile kileleni mwa mwavuli na kukivuta nje taratibu, akiwa na uhakika wa kila inchi ya mkono wake. Ndiyo kazi aliyozaliwa kuifanya, na hakuwa mtu wa kujifanya hajui hivyo.

Kwenye sahani chekeche lilikuwa dogo, jekundu na limelowa. Mwavita aliligusa kwa kidole chenye glovu. Lilikishika kidole, kisha likakiachia.

"Limejifunza," Leonidas alisema kwa mnong'ono.

"Limejifunza. Lete kopo la shaba, na ulifunge kwa plasta. Hili halirudi Darasani."

Chandarua kilipopandishwa, Bi Mwayuma alimchukua mjukuu kwa nesi, akamweka kifuani mwa Sikitu, akatoka uani. Huko ndiko alikolilia.

*

Profesa Mbelwa alipiga simu wakati Mwavita ananawa mikono.

"Amepona?"

"Amelala. Mshipa umejiziba, namwangalia. Profesa, inawezekana kwa mikono. Leonidas amerekodi kila kitu. Itume kwenye zahanati zote, na vyandarua vya shaba viende, na redio itangaze: mwenye chekeche asifungwe tumbo, na aliyefungwa asifunguliwe ghafla, aje."

"Nitaituma," alisema. "Lakini kwa mmoja tumechelewa." Mwavita aliacha kunawa.

"Nani?" aliuliza.

"Uvinza. Mwanamke anaitwa Mwasiti, amezaa karibuni, mtoto wa pili. Kijiti kimeutoboa mshipa mnene. Amefariki baada ya adhuhuri." Profesa alivuta pumzi. "Kama ungetia ufunguo asubuhi, somo lingekuwa limemfikia."

"Lingemfikia," Mwavita alisema.

Hakubishana. Alikuwa na hoja, nzuri tu, na zote alizijua. Lakini mwanamke alikuwa amekufa, na Profesa alikuwa amesema kweli. Akakaa kwenye kiti kilichokuwa kando ya beseni.

"Sikukupigia nikusute," Profesa alisema. "Nakuuliza tena. Wako wengine kama yeye. Wengine hutawawahi. Unatia ufunguo?"

"Hapana."

"Mwavita."

"Mwasiti ameuawa na kosa letu, langu na lako na la meza nzima. Naweza kwenda kwao nikawaambia hivyo. Huyo mwenye bonge angeuawa na mkono wangu, nimetaka, nimejua, na nisingekuwa na mahali pa kwenda kusema, kwa sababu hata jina lake nisingelijua. Atakayekufa kabla sijamfikia, nitakwenda matangani kwake nikajitambulishe. Hilo ndilo ninaloweza kukuahidi."

"Utayaweza hayo?"

"Naanza leo," Mwavita alisema. "Uvinza si mbali."

*

Nyumba ilikuwa jirani na mitambo ya chumvi, na wanawake walikuwa wamejaa kwenye mikeka mpaka barazani. Mwavita alivua viatu, akatoa pole mkeka kwa mkeka, akafika kwa mama yake Mwasiti, akakaa mbele yake.

"Mimi ni Mwavita Kilozo, daktari wa machekeche wa Ujiji," alisema. "Leo asubuhi niliombwa nitume amri ambayo ingeweza kumwokoa mwanao. Nilikataa."

Wanawake wa mikeka ya jirani waligeuka. Yule mama alikuwa mtu wa umri wa Bi Mwayuma, mwembamba, mikono yake imechubuka kwa chumvi ya miaka.

"Kwa nini ulikataa?"

"Ingemuua mwingine."

"Nani?"

"Simjui, mama."

Yule mama alilichukua jibu hilo akakaa nalo.

"Redio imesema ni kufunga," mama alisema baadaye. "Nilimfunga mimi. Nilimkanda kwa maji ya moto ya chumvi ya hapa hapa, ndiyo tunayoyaamini, na kanga mpya niliyomnunulia mwenyewe. Kwa hiyo ni mimi."

Asubuhi, kwa Bi Mwayuma, Mwavita alikuwa na jibu la maneno matatu, na lilikuwa kweli. Sasa aliona kwamba lilikuwa kweli nusu tu, na kwamba nusu nyingine alikuwa ameibakiza kwake mwenyewe.

"Ulimfunga vizuri," alisema. "Ulimfunga kama mama yangu alivyonifunga mimi. Chekeche halikujua kwamba mwanao ana mama. Mimi nilijua, mimi niliyefungwa, na nilikuwepo linapofundishwa, na sikuliambia."

Machozi yalikuwa yanamtoka, na aliyaacha. Wanawake walikuwa wakimtazama. Yule mama alimtazama muda mrefu zaidi yao wote, uso wake haukuonyesha kusamehe wala kulaumu. Kisha akageuza shingo na kumwita binti yake mwingine aliyekuwa chumba cha ndani, kwa sauti ya kawaida, kama anayeitia mtu chai.

"Zena. Mwache mwanao kwa shangazi yako, njoo hapa. Njoo umwonyeshe daktari tumbo."